Saa ya Kompyuta na Wakati wa Ibada: Swali Kutoka Hombolo



SWALI

Binti yangu anasoma Hombolo, Dodoma. Amejifunza mwenyewe kuandika programu za kompyuta, na Ramadhaan iliyopita aliandika programu ndogo ya adhana kwa ajili yake na wenzake wanaoishi pamoja. Nyakati alizichukua kwenye ratiba ya Unguja, akisema Tanzania nzima ina saa moja. Walifuturu kwa adhana hiyo siku tisa, na siku zote hizo mbingu ilikuwa na mawingu ya mvua. Siku ya kumi hapakuwa na wingu, naye alikuwa kando ya bwawa. Adhana ikalia, na jua analiona bado liko juu ya maji. Je, funga zao zimesihi? Na swala zao za Magharibi? Na yeye aliyeandika programu ana dhambi?

JIBU

Sifa zote njema ni za Allaah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Tunaanza na hukumu, kwa kuwa ndiyo inayomtia mzazi wasiwasi. Siku tisa hizo zinalipwa. Dhambi hakuna kwa aliyekosea bila ya kukusudia, si kwa binti wala kwa wenzake, lakini ni wajibu wake awajulishe wote waliofuturu kwa programu yake ili nao walipe. Maelezo ya funga na ya swala tutayaleta mbele. Kwanza tunataka kueleza kosa lilipotokea, maana vijana wetu wengi sasa wanaandika programu za ratiba, za kalenda na za hesabu za zaka, na kosa la binti huyu si la uvivu. Alifuata lugha ya programu inavyomfundisha. Ila lugha hiyo haikutungwa kwa ajili ya ibada.

Kompyuta inavyohifadhi wakati

Ndani ya kompyuta nyingi wakati si saa wala tarehe. Ni namba moja tu: idadi ya sekunde zilizopita tangu saa sita ya usiku wa kuingia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa ya dunia ambayo kwa kifupi huandikwa UTC. Namba hiyo ni ile ile Unguja, Hombolo, Maskati na London kwa wakati mmoja. Tunapotaka kuisoma kama watu, programu huigeuza kwa kufuata kanda ya saa, yaani eneo ambalo watu wake wamekubaliana kutumia saa moja.

Kanda zote za dunia zimeorodheshwa katika hazina moja ya taarifa inayotumiwa na takribani simu na kompyuta zote. Atakayetafuta humo jina la Zanzibar hatalipata. Sisi wa visiwani tumo ndani ya "Africa/Dar_es_Salaam", na jina hilo nalo ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye "Africa/Nairobi". Kwa hiyo Wete, Makunduchi, Hombolo, Kigoma, Mombasa na Kisumu zote zinasoma mstari mmoja: saa tatu mbele ya UTC, bila ya kubadilika kiangazi wala masika. Katika lugha ya Python mwandishi huandika hivi:

sasa = datetime.now(ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"))

Binti aliandika mstari kama huu, na ni sahihi kabisa. Simu ya Hombolo na simu ya Malindi zikitazamwa kwa pamoja zitaonyesha saa ile ile. Akadhani basi na jua nalo linatua saa ile ile.

Hapo ndipo penye tatizo. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambao unapita Somalia, karibu na Mogadishu. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa kila dakika nne. Mji wa Zanzibar uko karibu na nyuzi 39.2, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 23 hivi. Hombolo, kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, iko karibu na nyuzi 36, na jua lake liko nyuma kwa dakika 36. Toa moja kwa nyingine, unabaki na dakika 13. Hizo ndizo dakika walizofuturu kabla ya wakati.

Kwa mfano wa siku moja: tarehe 21 Machi jua hutua mjini Zanzibar kiasi cha saa 12:34 za jioni, na Hombolo kiasi cha saa 12:47. Dakika 13 si kitu cha kubishania. Wakati adhana ya Unguja inapolia, jua la Hombolo liko juu ya upeo kwa nyuzi tatu na zaidi, yaani kimo cha majua sita yaliyopangwa moja juu ya jingine. Asiye na mawingu analiona bila ya kutafuta.

Na si Hombolo peke yake. Kati ya Unguja mjini na Chake Chake pana dakika mbili hivi, Pemba wakitangulia. Kati ya Unguja na Kigoma ni dakika 38. Anayesafiri na ratiba ya nyumbani mfukoni kwenda bara atafuturu mapema. Anayerudi na ratiba ya bara atakula daku baada ya alfajiri kuingia, na hili la pili watu hulisahau zaidi, kwa kuwa mtu akishafika kwao hujiona yuko salama.

Programu sahihi haichukui ratiba ya mji mwingine, bali hukokotoa kwa longitudo na latitudo ya pale mtu alipo. Mzizi wa hesabu ni adhuhuri, yaani jua linapokuwa kati:

adhuhuri = 12 + 3 - longitudo / 15 - tofauti_ya_jua / 60

Hiyo tatu ni kanda yetu. Tofauti ya jua ni dakika ambazo jua hutangulia au huchelewa kwa kadiri ya siku za mwaka. Hushuka hadi kutoa 14 katikati ya Februari na hupanda hadi 16 mwanzoni mwa Novemba. Ndiyo sababu adhuhuri ya Unguja haikai mahali pamoja mwaka mzima. Kutoka adhuhuri hupatikana machweo kwa kuongeza nusu ya mchana wa siku hiyo, na nyakati nyingine kwa pembe ya jua.

Kwenye pembe ndiko programu zilizotengenezwa ng'ambo hutofautiana. Jumuiya moja ya Marekani Kaskazini hutumia nyuzi 15 kwa Alfajiri, Rabitat ya Makka nyuzi 18, Misri 19.5. Huku kwetu kila nyuzi ni dakika nne au zaidi kidogo, kwa hiyo mwenye 15 na mwenye 18 wanaachana kwa dakika 12 na zaidi. Tazama pia Alasiri: programu nyingi huuliza kama unafuata Hanafi au wengine, na ikiwekwa Hanafi, Alasiri itachelewa sana kuliko tulivyozoea sisi. Chagua utaratibu unaotumiwa na msikiti wako, kisha linganisha siku chache kabla ya kuutegemea.

Baadhi ya programu huuliza pia kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Uwanda wa Dodoma uko juu kwa kiasi cha mita elfu moja, na ukiiandika namba hiyo machweo yatasogezwa mbele kama dakika nne, kana kwamba mtu amesimama juu ya mnara na bahari iko chini yake. Lakini Hombolo upeo wake ni ardhi ya kimo kile kile. Acha sifuri.

Kwa asiyejua kuandika programu, ratiba iliyotengenezwa kwa ajili ya mji wa Dodoma inamtosha aliye Hombolo, kwani tofauti yao ni kama dakika moja tu. Kwa kuwa Hombolo hutangulia, ajizuie kula daku dakika moja au mbili kabla.

Hukumu ya funga na ya swala

Allaah ameamrisha katika Suuratul-Baqarah, aya ya 187, kutimiza funga hadi usiku, na usiku huingia kwa kutua jua. Aliyekula akidhani jua limetua kisha ikabainika halijatua, kwa rai ya jamhuri ya wanavyuoni, nayo ndiyo madhehebu ya Imaam ash-Shaafi'iy yanayofuatwa na wengi wa visiwani kwetu, funga yake ya siku hiyo haikusihi na atailipa. Wapo wanavyuoni, miongoni mwao Shaykhul-Islaam Ibn Taymiyyah, walioona kuwa halipi kwa kuwa amekosea. Pande zote mbili zimeizungumza Hadiyth ya Asmaa bint Abiy Bakr (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) iliyomo katika Swahiyh al-Bukhaariy, kuhusu siku ya mawingu ambayo watu walifuturu zama za Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kisha jua likachomoza. Sisi tunawaelekeza walipe siku tisa, kwa kuwa ndiyo salama ya dini yao na siku si nyingi. Si lazima zifuatane. Wazilipe kabla ya Ramadhaan ijayo.

Ama swala ya Magharibi, ikiwa waliiswali ndani ya dakika zile 13, wameiswali kabla ya wakati wake, na kuingia wakati ni sharti. Hapa upo wepesi ambao wengi hawaujui. Katika vitabu vya madhehebu yetu imenukuliwa fatwa ya al-Baariziy kuhusu mtu aliyekuwa akiswali Alfajiri kabla ya wakati kwa miaka mingi huku akidhani imeshaingia: kwamba hadaiwi isipokuwa swala moja, kwa kuwa swala ya kila siku inahesabika ni kadha ya siku iliyotangulia. Kwa kauli hiyo, kila mmoja wao anadaiwa Magharibi moja ya mwisho. Na aliyechelewesha Magharibi hadi baada ya kula, dakika 13 zikawa zimepita, swala yake ni sahihi na hana la kulipa.

Alfajiri nayo isisahauliwe. Kuacha kula daku kwa ratiba ya Unguja hakukuwadhuru, kwani waliacha mapema. Lakini waliosimama kuswali mara tu baada ya adhana hiyo waliswali kabla ya wakati, na hukumu yao ni hiyo hiyo.

Tarehe nayo ina wakati wake wa kuanza

Tukiwa kwenye programu ya binti huyu, tulimwomba atupe na sehemu ya kalenda, tukaona jingine. Programu ilikuwa ikionyesha tarehe ya Kiislamu inayobadilika saa tisa za usiku.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Kompyuta zinazohifadhi programu za mtandaoni aghalabu huwekwa kwenye saa ya UTC. Mwandishi akiuliza "leo ni lini" bila ya kutaja kanda, hujibiwa kwa saa ya UTC, na usiku wa manane wa UTC ni saa tisa za usiku kwetu. Watu wamekaa kula daku, na tarehe inaruka mbele ya macho yao. Python ilikuwa na amri mashuhuri ya kuleta saa ya UTC bila ya alama yoyote ya kanda, na tangu toleo la 3.12 la mwaka 2023 waandishi wanaonywa wasiitumie. Anayeandika programu na ataje kanda kila mara.

Hata hivyo, kuitaja kanda kunairudisha tarehe kubadilika saa sita za usiku, na hapo bado si sahihi. Siku ya Kiislamu huanza kwa kutua jua. Hili kwa watu wa pwani si geni: bibi akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia ule tuliozoea sasa kuuita Alhamisi usiku. Kompyuta haimjui bibi, inabidi ielezwe:

siku = leo + timedelta(days=1) if sasa >= magharibi else leo

Maana yake: ikiwa Magharibi imeshaingia, hesabu tarehe ya Hijri kwa siku ya kesho, ikiwa bado, hesabu kwa leo. Lakini ili mstari huo ufanye kazi, ni lazima Magharibi ya mahali iwe imeshakokotolewa. Kwa hiyo kila jioni, kwa dakika 13, Unguja na Hombolo huwa na saa moja ya ukutani na tarehe mbili za Hijri. Mtoto akizaliwa Hombolo ndani ya dakika hizo, siku yake ya kwanza ni ile inayomalizika, na hesabu ya siku saba za akika huanzia hapo kwa wanaoihesabu siku ya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa Unguja dakika ile ile, siku yake ni ya kesho.

Kalenda ya Hijri iliyomo ndani ya lugha za programu

Lugha kadhaa kubwa huja na kalenda ya Hijri tayari. Java inayo tangu toleo la 8 la mwaka 2014, na imejengwa juu ya kalenda ya Ummul-Quraa ya Saudi Arabia. JavaScript inayo Ummul-Quraa na pia ile ya hesabu tupu, ambayo katika kila miaka 30 huifanya miaka 11 kuwa na siku 355 na iliyobaki 354. Mazingira ya .NET yanazo zote mbili, na kwenye ile ya hesabu wameweka mahali pa kusogeza tarehe hadi siku mbili mbele au nyuma. Python yenyewe haina. Huongezwa kwa maktaba ya nje.

Zote hizi zimeandikwa kabla ya mwezi kuonekana. Zinafaa kwa kupanga shughuli za ofisi, barua na ratiba za madrasa. Hazifai kumwambia mtu afunge kesho. Mwezi unathibiti kwa kuonekana au kwa kutimiza siku thelathini, na kwetu watu hungoja tangazo la Ofisi ya Mufti wa Zanzibar, na kwa bara la BAKWATA. Programu nzuri huacha nafasi ya kusahihisha: mwezi ukitangazwa, mtu huandika tarehe ya Miladia ya siku ya kwanza, na programu inaacha hesabu yake na kufuata tangazo. Isiyo na nafasi hiyo tusiiweke kwenye simu za wazee wetu wanaoamini kila kinachoandikwa humo.

Miezi ya eda na ya zaka

Hapa ndipo tunapoona madhara makubwa zaidi, na hayana uhusiano na Hombolo wala Unguja.

Mwandishi wa programu akitaka kuhesabu eda ya mfiwa, huandika: tarehe ya kifo, ongeza miezi minne, ongeza siku kumi. Lugha huongeza miezi ya Miladia. Miezi minne ya Miladia ina siku 120 hadi 123, na miezi minne ya mwezi mwandamo ni kama siku 118. Eda iliyotajwa katika Suuratul-Baqarah, aya ya 234, ni kwa miezi ya Kiislamu. Kwa hesabu ya programu hiyo mjane atazuiliwa siku mbili, nyingine hadi tano, zisizokuwa juu yake. Mume akifa katikati ya mwezi, wanavyuoni wetu huhesabu ile miezi mitatu kamili kwa mwandamo wake, na ule wa kwanza uliokatika hukamilishwa siku thelathini kutoka mwezi wa tano, kisha siku kumi. Hakuna amri moja katika lugha yoyote tunayoijua inayofanya hivyo. Ni lazima iandikwe kwa mkono.

Hata kwenye Miladia yenyewe lugha hazikubaliani. Ongeza mwezi mmoja kwenye tarehe 31 Januari: Java itakupa mwisho wa Februari, JavaScript itavuka hadi tarehe 2 au 3 Machi. Python ya kawaida haikubali kabisa kuongeza "mwezi", na katika hilo tunaiona ina adabu kuliko wenzake.

Zaka kosa lake huenda upande wa pili. Mwaka wa zaka ni wa mwezi mwandamo, siku 354 au 355. Anayewekewa ukumbusho kila tarehe 1 Januari anachelewa siku 11 kila mwaka, na baada ya miaka 32 hivi ya Miladia mwezi hukamilisha miaka 33. Mwaka mzima wa haki ya maskini umepotea bila ya mtu kuiba. Wafanyabiashara ambao vitabu vyao havina budi kufungwa kwa Miladia, wanavyuoni wa zama hizi wamewakadiria asilimia 2.577 badala ya 2.5 ili kufidia siku hizo.

Kuhusu kuandika saa kwa Kiswahili

Binti aliuliza pia namna ya kuifanya programu isome saa yetu, kwa kuwa mama yake alipoona "19:30" alidhani ni wakati mwingine. Mstari mmoja unatosha:

saa_yetu = (saa + 5) % 12 + 1

Kumi na tisa inakuwa moja, sifuri inakuwa sita. Neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku liongezwe kwa kutazama saa ya asili. Ndani ya programu wakati ubaki ule wa UTC. Kugeuza kufanywe mwisho kabisa, pale mtu anaposoma. Tumeona programu iliyohifadhi "saa 1:30" bila ya kusema ya usiku au ya asubuhi, na hakuna aliyeweza kuirekebisha tena.

Binti ameshatuandikia kuwa ameweka longitudo ya Hombolo, ameiondoa ratiba ya Unguja, na wenzake wote amewajulisha isipokuwa mmoja aliyekwishahama, naye anamtafuta. Wakishalipa siku zao hawana deni, in shaa Allaah.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.